Somo: Chakula cha Ijumaa kibaki moto hadi Jumamosi mchana

Kila Alhamisi wenzangu tunaotunza wazee wa Kiyahudi hapa Jerusalem mnaniuliza yale yale: chakula kibakije moto Sabato, toka Ijumaa jua likizama hadi Jumamosi usiku, wakati wao hawapiki wala hawawashi moto? Naandika mara moja. Na tuelewane: wewe si Myahudi, sheria hazikufungi, ila chakula ni chao. Ukikikosea, hawali.

1. Pika mapema, kiive kabisa. Hapa mishumaa ya kuingiza Sabato huwashwa dakika 40 kabla ya jua kuzama. Miji mingi ni 18, kwa hiyo usifuate kalenda ya mwenzako wa kwingine.

2. Washa plata, lile bamba la umeme lisilo na kitufe cha moto. Panga sufuria, funika.

3. Usivishe sufuria nguo. Hapa ndipo nilipoaibika. Mwezi wangu wa kwanza niliizungushia sufuria ya hamin, chakula chao cha Sabato kinachokaa motoni usiku kucha, blanketi zito, juu mpaka chini, nikaiacha palepale kwenye plata. Nyumbani si ndivyo tunavyofunga chapati zisipoe? Bibi ninayemtunza aliona asubuhi, akaguna, akala mkate na samaki baridi. Mimi nikabaki na sufuria nzima ya maharage na shayiri. Kumbe kufunga sufuria pande zote juu ya kitu kinachoongeza moto ni marufuku, hata ukiifunga Ijumaa. Wahenga wao walihofu mtu atafukia chungu kwenye jivu la moto, kisha Sabato achokonoe makaa. Sisi wa kupalia makaa juu ya wali tunaijua hamu hiyo. Kitambaa juu ya mfuniko tu, pande zikiwa wazi, katika nyumba ninayofanyia kazi kinakubalika. Sufuria ikishatoka kwenye moto unaweza kuifunga itakavyo, mradi iwe kabla Sabato haijaingia. Tena jamani, blanketi juu ya umeme usiku kucha! Moto haujali dini.

4. Sufuria ikiinuliwa Sabato, isitue mezani. Hurudishwa kama chakula kimeiva, bado ni moto, mkono haujaiachia na nia ilikuwa kuirudisha.

5. Vinara vya mishumaa, pesa, simu, kalamu: hizo ni muktze, yaani vitu ambavyo Sabato hawavisogezi. Ziondoe mezani Ijumaa, isipokuwa vinara, vipange mahali pa kudumu.

MASWALI

– Nikisahau plata, si niwashe tu, mimi si Myahudi?
Umesoma mistari ya juu? Ukiwasha kwa ajili yao, hawafaidiki nacho. Taa ya chumbani kwako, kwa ajili yako, washa.

– Mikrowevu je?
Hapana.

– Hamin imekauka, niongeze maji?
Ya bomba hapana, maji baridi kwenye chungu kinachochemka ni kupika. Ya moto kutoka kwenye birika la Sabato, lile linalokaa moto tangu Ijumaa, familia zinatofautiana. Waulize wao, usiniulize mimi. Na usikoroge sufuria ikiwa juu ya moto.

– Dada, mbona babu alivunja karanga ngumu kwa nyundo lakini sarafu hataki kuigusa?
Swali zuri hili. Nyundo ni chombo, ingawa kazi yake ya kawaida imekatazwa. Hushikwa kwa kazi iliyoruhusiwa, au kama nafasi ilipolala inahitajika. Kuihamisha ili isiibiwe tu, hapana. Sarafu au jiwe halina kazi siku hiyo, basi halishikwi. Ila mkono ndio tatizo: mwangalie babu sarafu ikiwa kwenye kiti chake, ataisukuma kwa kiwiko, taratibu, kama anayemfukuza paka.

– Mzee akizidiwa usiku?
Piga simu, washa taa, fanya lolote. Uhai hutangulia Sabato, na wao wenyewe watakuambia hivyo.

– Mimi balbu ya friji ilinipa shida.
Ilegeze Ijumaa, isiwake mlango ukifunguliwa. Na karatasi za chooni zikate mapema, maana kuzichana nako hawakubali. Hilo niliambiwa na bibi kupitia mlango uliofungwa.