SOMO: Oili chafu, maji ya betri na thina za gereji, unavimwaga wapi?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mie ufundi nimeuanza nikiwa bado kijana mdogo, gereji moja ya mjini hapa Unguja, na kazi yangu kila jioni ilikuwa kubeba karai la oili chafu nikaimwage nyuma ya ukuta. Palikuwa na shimo pale, unamwaga leo, kesho ukija limekauka, sie tukiona vizuri tu, ardhi inameza. Mwaka wa pili yule mama jirani akaja na ndoo ya maji ya kisimani kwake, juu pana utando unang'aa rangi rangi kama upinde wa mvua. Hakugombana. Katuuliza tu, wanangu, haya nimpikie nani?

Suali lile sijalisahau mpaka leo, ndo maana naandika hapa.

Lazima mjue kwanza tumekaa juu ya nini. Sehemu kubwa ya Unguja ni jiwe la matumbawe, limejaa nyufa na mapango, kinachomwagwa juu hakichujwi kama kwenye udongo mzito wa bara, kinashuka chap mpaka kwenye maji matamu yanayoelea juu ya maji ya chumvi, na ndo hayo hayo yanayovutwa visimani na kwenye pampu. Hatuna ziwa la kukimbilia. Inakadiriwa lita 1 ya oili chafu inatosha kuharibu maji lita milioni 1, na gari ndogo moja ukiimwaga oili unapata lita 4 hivi, haya piga hesabu mwenyewe gereji yako kwa wiki inatoa kiasi gani.

Hatua ya kwanza, ujue una nini. Chukua karatasi uzunguke gereji yako yote, andika kila kinachobaki baada ya kazi: oili ya injini, ya giaboksi, maji ya breki, kulanti (ile ya kupozea injini), maji ya betri, thina ya kuzimulia rangi, petroli ya kuoshea spea, matambara, filta, makopo ya rangi. Nusu saa tu inatosha.

Hatua ya pili, usichanganye. Hapa ndo wengi tunaanguka na hapa ndo naomba mnisikilize sana. Fundi ana pipa moja, kila kitu anatia humo humo, kulanti, thina, maji ya breki, anasema si uchafu wote mmoja. Si mmoja! Oili chafu peke yake ina thamani, inaweza kusafishwa ikatumika tena au ikawa mafuta ya tanuri kubwa, lakini ukishaitilia thina au petroli imekuwa kitu cha kulipuka, na ukishaitilia kulanti hakuna mnunuzi mwenye akili atakayeitaka, kwa hiyo ulichokuwa unaweza kukiuza sasa unatafuta wa kumlipa akuondoshee. Pipa zima linaharibika kwa kikombe kimoja.

Kulanti nayo msiichukulie maji ya rangi tu. Ile nyingi ina glaikoli, ni tamu na ni sumu, paka akilamba au mbuzi akinywa kwenye kidimbwi chako anakufa, na mtoto ndo msiseme.

Hatua ya tatu, chombo. Oili iwe kwenye pipa au dumu zima lenye kifuniko. Maji ya betri ni asidi ya salfa, usiyatie kwenye bati wala chuma yatakula, yakae kwenye plastiki ngumu, na uzuri zaidi ni kutoyamwaga kabisa, betri iwache nzima na asidi yake ndani, isimame wima, kivulini, juu ya kichanja cha mbao au karai la plastiki. Thina iwe mbali na moto na mbali na yule anayechomea vyuma. Kila chombo kiandikwe kwa herufi kubwa kina nini na tarehe ulipoanza kukijaza. Na wallahi nakuombeni, msitumie chupa za maji ya kunywa, mtoto wa mtu atapita na kiu yake ataona chupa ataifungua.

Mapipa yakae juu ya saruji yenye kingo pembeni ili likivuja lisifike mchangani, na paezekwe, maana masika ikikukuta na pipa liko wazi maji yataingia chini na oili itapanda juu imwagike yote mtaroni. Karibu na hapo weka ndoo ya mchanga au unga wa mbao wa kunyonyea kilichomwagika. Na ukishanyonya, mchanga ule nao sasa ni taka ya sumu, usiufagilie nje.

Hatua ya nne, filta. Ukiitoa itoboe, ipindue juu ya karai usiku mzima. Utashangaa kinachotoka.

Hatua ya tano, unampa nani. Wengi wanataja NEMC, lile baraza la mazingira la bara, kwa kuwa ndo wanaoisikia redioni, lakini mazingira si jambo la Muungano, huku kwetu wenye mamlaka ni ZEMA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar, chini ya sheria ya mazingira ya Zanzibar namba 3 ya mwaka 2015. Nenda kwao na ile karatasi yako ya hatua ya kwanza, uliza nani ana kibali cha kukusanya. Anayekuja na kibegi cha pesa bila karatasi mkatalie, maana hujui anakwenda kuimwaga wapi. Kama una kemikali huijui hata jina, wa kumuuliza ni Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali Zanzibar. Na weka daftari: tarehe, kitu gani, lita ngapi, kachukua nani, kasaini.

Haya, maswali.

Suali, Wete: Maalim, huku kwetu oili chafu tunapaka nguzo za nyumba kwa ajili ya mchwa, wengine wanapaka mpaka ngalawa. Nako vibaya?

Jibu: Ndio kaka, vibaya. Oili iliyokwishatumika ina vipande vya madini kutoka kwenye injini na masizi yanayohusishwa na saratani ya ngozi, unaishika kwa mikono mitupu, mvua inaikosha inashuka chini. Ngalawa ndo kabisa, unaitia baharini mwenyewe pale pale unapovua na wake zetu wanapolima mwani. Wazee walipaka sifa (mafuta ya papa) juu na deheni (mafuta ya mnyama na chokaa) chini na vyombo vyao vilidumu.

Suali, Mkoani: Sie betri mbovu tunazipasua tunayeyusha risasi ya ndani tunafanya chubwi za nyavu. Asidi tunamwaga ufukweni, si bahari kubwa ile?

Jibu: Hili limeniuma. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi, na moshi wake ukiyeyusha uani unakaa kwenye mchanga ambao watoto wanachezea, risasi inaingia mwilini inaharibu ubongo wa mtoto na hairekebishiki. Wajawazito nao mimba inaathirika. Acheni kupasua, iuzeni betri nzima kwa mnunuzi mwenye kibali. Na mnunuzi anayekwambia imwage maji kwanza ndo upime uzito, huyo muepuke.

Suali, Nungwi: Mie niko hotelini upande wa bwawa la kuogelea. Tuna ndoo za klorini zimepitwa na wakati, ya unga na ya vidonge, bosi anasema nizimimine ndoo moja zikatupwe. Sawa?

Jibu: Usifanye hivyo ndugu yangu! Ile ya unga mara nyingi ni kalisiamu haipokloraiti, ile ya vidonge mara nyingi ni aina nyengine kabisa, zikikutana na unyevu kidogo zinaweza kuwaka au kulipuka usoni kwako. Usitumie hata kijiko kimoja kwa zote mbili. Ya unga ikikutana na oili au maji ya breki inashika moto wenyewe. Na klorini yoyote usiikutanishe na asidi ya bwawa, inatoa gesi ya klorini, ile ile iliyoulia askari vitani Ulaya mwaka 1915. Ziwache kwenye ndoo zake, kavu, mbalimbali, mwite aliyewauzieni azirejeshe, akikataa wapigieni ZEMA. Bosi muoneshe hapa.

Suali, Mwanakwerekwe: Si gari ya taka inapeleka jaa la Kibele, kwa nini nisitie humo tu?

Jibu: Kule kuna watu wanachambua taka kwa mikono yao. Na gari yenyewe inakandamiza, kopo la thina linapasuka ndani.

Suali, Jang'ombe: Mie seremala, matambara ya mafuta ya kung'arisha milango je?

Jibu: Kama ni mafuta ya mbegu za kitani (linseed), yakirundikwa yanapata joto yenyewe na yanawaka bila ya kiberiti. Yatandaze nje yakauke moja moja, au yatie kwenye kopo la chuma lenye maji na ufunike.

Suali, Chake: Na maji ya betri yakishamwagika sakafuni?

Jibu: Vaa glavu za mpira na miwani, nyunyiza baikaboneti ile ya keki kutoka pembeni kuelekea kati, itatoa povu, endelea mpaka povu liishe, ndo uzoe. Asidi ikikurukia jichoni, osha kwa maji ya bomba yanayotiririka dakika 20 kwa kutazama saa, usikatize, halafu hospitali.