Jinsi ya Kuandaa Kazi ya Waandishi wa Habari kwenye Mkutano wa Kimataifa wa Usalama

Beji peke yake haimfikishi mwandishi popote. Anaweza kuivaa shingoni na bado akakosa picha kwa sababu mlango alioelekezwa umeshafungwa na walinzi, kamera yake haijanuswa na mbwa wa ukaguzi, au kebo ya sauti inatoa mvumo mtupu. Dawati la habari la waandaaji lina maswali matatu ya kumaliza mapema, tena kwa maandishi: nani anaingia, anasimama wapi, na kuanzia saa ngapi.

Ukumbi kwanza, orodha baadaye

Mikutano mingi ya aina hii hufanyika hotelini. Ule wa Munich, ulioanza mwaka 1963, umezoeleka kwenye hoteli ya Bayerischer Hof katikati ya mji. Shangri-La Dialogue ya Singapore, iliyoanza 2002, imebeba hadi jina la hoteli yake. Hoteli huwafaa wajumbe wanaotaka kuteta pembeni, ila kwa kamera ni taabu: dari fupi, nguzo, ujia mwembamba, na mlango mmoja wa huduma unaogombewa na wapishi, walinzi na mafundi. Kwa hiyo usifungue maombi ya ithibati, yaani kibali rasmi cha mwandishi kuripoti mkutano, kabla hujatembea ukumbini na futi kamba mkononi na mchoro wa viti.

Anza na jukwaa la kamera. Kila kamera yenye stendi inataka upana wa mita 1 na kina cha mita 1.5 hadi 2, mpiga picha mwenyewe akiwemo. Jukwaa la mita 8 litabeba kamera 7, maana lazima ubaki upenyo wa kupandia. Kimo cha sentimita 60 hadi 90 kinatosha: ukijumlisha na stendi ya mita 1.5, lenzi inapita juu ya vichwa hata wajumbe wanaposimama kupiga makofi. Waandishi wa kalamu wasiwekwe juu ya jukwaa hilo. Mtu mmoja akitembea juu yake, picha za lenzi ndefu zinatikisika zote, na hakuna fundi wa kuzirekebisha baadaye.

Umbali nao una hesabu yake. Ukiwa mita 20 kutoka mimbari, lenzi ya milimita 200 kwenye kamera ya fremu nzima inaona upana wa mita 3.6, yaani msemaji, mimbari na bendera mbili. Ya milimita 400 inaona mita 1.8, ambayo ni kiwiliwili na mikono. Ukisogeza jukwaa hadi mita 40 ili kupendezesha meza za wajumbe, umewaondoa kazini wapiga picha wote wasio na lenzi za bei ya gari, na usishangae magazeti yakichapa picha za barabarani. Angalia pia kilicho nyuma ya kichwa cha msemaji. Nembo kubwa iliyotundikwa juu haionekani kwenye picha ya karibu. Nembo ndogo zinazojirudia kwenye kimo cha mita 1.5 hadi 1.8, na moja mbele ya mimbari, ndizo zitakazoonekana.

Taa hukorofisha bila kelele. Umeme wa hezi 50 hufanya taa nyingi za LED zimulike kwa mpigo ambao jicho halioni ila kamera inaona, na mistari myeusi hupita usoni pa msemaji. Waambie wapiga picha mapema umeme wa mahali ni wa hezi ngapi. Wa hezi 50 unataka shata, yaani muda wa kamera kupokea mwanga, ya sekunde 1/50 au 1/100, wa 60 unataka 1/60 au 1/120. Taa zote za mimbari ziwe na rangi moja, kelvini 5600 (nyeupe kama mchana) au 3200 (ya manjano), na mapazia yafungwe kama mmechagua ya pili.

Kila kikao kiwe na alama

Kwenye ratiba ya waandishi, mbele ya kila kikao iandikwe mojawapo ya haya: wazi, picha za mwanzo tu, au kimefungwa. Chini yake iandikwe kanuni ya kunukuu: kwa jina, bila jina, au si ya kuripotiwa kabisa. Msimamizi wa kikao airudie kwa sauti kabla mtu wa kwanza hajafungua kinywa, kwa sababu sharti lililowekwa baada ya maneno kutoka halimfungi mwandishi yeyote.

Kanuni ya Chatham House, taasisi ya London ya masuala ya kimataifa, iliyotungwa mwaka 1927, hueleweka vibaya kila mkutano. Haikatazi kuripoti. Inaruhusu kutumia yaliyosemwa, mradi msemaji, taasisi yake na washiriki wengine wasijulikane. Ukitaka pasiripotiwe kitu, sema hivyo waziwazi, na usikiite kikao hicho cha Chatham House.

Kuna tundu ambalo wengi hawalifikirii mpaka limeshavuja, nalo ni ukalimani. Kikao kimefungwa, milango imefungwa, lakini sauti ya wakalimani bado imeunganishwa na kituo cha habari tangu kikao cha asubuhi, na waandishi thelathini wanasikiliza kwa vifaa vya masikioni. Vifaa vya ukalimani vinavyotumia mawimbi ya redio hupenya kuta. Vile vya infraredi, yaani mwanga usioonekana, huishia ukutani, ndiyo maana hupendwa kwa mazungumzo nyeti. Lakini hata infraredi haisaidii kama kebo ya kwenda kituo cha habari haijachomolewa. Mpe fundi mmoja, kwa jina, kazi ya kuchomoa kebo hiyo pamoja na ya matangazo mubashara, na asaini kila mara anapofanya hivyo.

Ithibati

Fungua maombi wiki 10 hadi 12 kabla ya mkutano, uyafunge zikibaki 4 au 5. Vyombo vya ulinzi vya nchi mwenyeji huhitaji wiki mbili au tatu kuchunguza majina, na hawaharakishwi kwa simu. Fomu iombe jina kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, picha, barua ya mhariri yenye nembo na saini, na orodha ya vifaa pamoja na namba zake. Mwandishi wa kujitegemea alete barua ya chombo kitakachochapa kazi yake, au kazi zake za karibuni. Andika wazi kwamba ithibati si viza, na kwamba kuwa na beji si ahadi ya kuingia ukumbini. Kama una viti 25 na nafasi 14 za kamera, waambie waombaji 300 sasa hivi.

Makosa yanajulikana. Jina la ukoo na la kwanza yanageuzwa, na mlango unakataa beji. Dereva wa gari la satelaiti na fundi wa sauti hawamo kwenye orodha, kwa hiyo mtangazaji anaingia bila anayemrusha hewani. Balozi zinatuma majina ya waandishi wanaosafiri na kiongozi wao usiku wa kuamkia mkutano: wape idadi maalumu, beji za rangi tofauti, na mtu mmoja wa kuwasiliana naye, ukikataa maombi yanayopitia kwingine. Na lipo kosa la kuchekesha lisilokwisha, la kuweka dawati la kutolea beji ndani ya uzio wa ulinzi, hivi kwamba huwezi kufika kuchukua beji bila kuwa na beji. Liweke nje, lifunguliwe tangu mchana wa siku ya kabla, na kila mtu achukue yake mwenyewe kwa pasipoti ileile aliyojaza.

Katika barua ya kukubaliwa, wakumbushe mambo matatu ya safari. Nchi nyingi hukubali hati ya ATA Carnet, ambayo huingiza vifaa kwa muda bila kulipa ushuru na hudumu hadi mwaka mmoja. Maiki zisizo na waya na gari la satelaiti vinahitaji kibali cha masafa kutoka kwa mamlaka ya mawasiliano ya nchi mwenyeji. Betri za akiba za lithiamu hubebwa kwenye mzigo wa mkononi, na zile zinazozidi saa-wati 100 zinataka ruhusa ya shirika la ndege. Zaidi ya 160 hazipandi na abiria.

Kundi wakilishi

Chumba cha mazungumzo ya mawaziri wawili hakichukui kamera 40. Hapo wanaingia wachache kwa niaba ya wote: kwa kawaida video mmoja, picha za mnato wawili, na mwandishi mmoja wa shirika la habari. Sharti lao ni moja, nalo lisainiwe: kila kilichopatikana kinagawiwa wote kwa wakati mmoja, na hakuna anayekitumia kabla ya kukigawa. Zamu zipangwe na waandishi wenyewe kama wanaweza kuelewana. Ukiwapangia wewe, kila malalamiko yatakuwa yako.

Wakusanyike dakika 45 kabla, mahali palipoandikwa, wakiwa na mtu wa kuwaongoza anayejua njia na anayejulikana na walinzi. Ndani watapata dakika moja au mbili. Wa picha za mnato wapige magoti mbele, wa video wasimame nyuma, na mwongozaji aseme "sekunde kumi" kabla ya kuwatoa. Maafisa wa itifaki wa pande zote mbili wakubaliane mapema kama maswali yanaruhusiwa. Wakishindwa, mwandishi mmoja atauliza tu, na kila upande utakulaumu wewe.

Ukaguzi

Siku ya viongozi wakuu, vifaa huwekwa ukumbini saa mbili au tatu kabla. Mifuko inapangwa sakafuni kwa mstari, zipu wazi, wenyewe wakiwa nje, na mbwa anapitishwa. Kisha kila kamera inawashwa mbele ya askari, kwa hiyo betri ziwemo na ziwe na chaji. Visu vya mafundi na makopo ya hewa ya kusafishia lenzi vitachukuliwa. Ukumbi ukishakaguliwa hufungwa, na anayechelewa anarudishwa mwisho wa foleni, hata awe nani. Kama siku inayofuata kuna kikao, omba chumba chenye kufuli na mlinzi ili vifaa vilale humo, la sivyo kila kitu kitakaguliwa upya asubuhi.

Ulizia pia, hata kama jibu litakuwa la kuzungukazunguka, kuhusu kuvurugwa kwa mawimbi msafara unapowasili. Hapo vifaa vya kurushia picha kwa laini za simu hukatika palepale, na maiki zisizo na waya huweza kunyamaza. Dawa yake ni waya tu: kebo kutoka jukwaani hadi mahali pa kurushia, tayari imejaribiwa.

Sauti

Ukiwa na bajeti ya kufanya jambo moja vizuri, fanya hili. Picha mbovu ya hotuba hutumika. Hotuba isiyosikika haitumiki.

Kwenye jukwaa la kamera kiwekwe kisanduku cha kugawia sauti chenye matundu ya XLR (plagi za sauti za kitaalamu) yasiyopungua idadi ya kamera, ukiongeza manne. Kila tundu litenganishwe kwa transfoma yake, ili hitilafu ya mmoja isiwafikie wengine. Bandika karatasi juu yake inayosema kama sauti inatoka kwa kiwango cha laini, chenye nguvu, au cha maiki, kilicho dhaifu. Asiyejua akiacha kinasa chake kwenye maiki huku kisanduku kikitoa laini, hotuba nzima inatoka kama kitambaa kinachochanwa, na kupunguza sauti baadaye hakuiponyi. Waambie wazime pia volti 48 za kulisha maiki. Mvumo mfululizo kwa kawaida hutokana na vifaa vya sauti kuchangia umeme na taa, kwa hiyo viwe na laini yao ya umeme.

Viweke visanduku viwili: kimoja cha sauti halisi ya ukumbi, kingine cha ukalimani. Televisheni hutaka sauti ya msemaji mwenyewe, redio mara nyingi hutaka tafsiri, na mkalimani huwa nyuma kwa sekunde kadhaa, kwa hiyo mtu akikata klipu kwa kufuata tafsiri atapoteza mwisho wa sentensi. Nusu saa kabla ya kikao rusha mlio wa hezi 1000, kila mmoja arekebishe kipimo chake.

Kituo cha habari na taarifa

Tenga megabiti 10 kwa sekunde za kupakia kwa kila anayerusha mubashara, kisha ongeza nusu ya jumla kwa ajili ya picha. Warushaji 10 wanahitaji basi megabiti 150 za kupakia, na usipumbazwe na mkataba unaotaja kasi ya kupakua peke yake. Wapiga picha wapewe kebo za mtandao mezani: Wi-Fi hulemewa hasa kila mtu anapowasha mtandao wa simu yake na kujaza chaneli zilezile.

Mabadiliko ya ratiba yatangazwe kwenye kundi moja la ujumbe ambalo ni ninyi tu mnaoandika, kila tangazo likiwa na namba yake, saa za mahali na za UTC, saa rejea ya dunia. Hotuba iliyogawiwa kabla iandikwe saa ya mwisho wa zuio, yaani saa ambayo kabla yake haichapishwi, na kwamba la kunukuliwa ni lile litakalotamkwa. Mkutano na waandishi wa dakika 20 una nafasi ya maswali manne au matano. Maiki ya kuulizia ishikwe na mhudumu, asiiachie mkononi mwa muulizaji, maana akiishika mwenyewe atauliza la pili, la tatu na la nne.

Picha za kwanza zitoke ndani ya dakika 20 na nakala ya maneno ndani ya saa mbili, ikisomwa na mtu aliyekuwa ukumbini. Vifaa vya masikioni virudishwe kabla ya mwenyewe kupewa kitambulisho alichoacha dawatini. Nakala za pasipoti zisikae kwenye barua pepe ya mtu yeyote, na zifutwe tarehe iliyotajwa kwenye fomu.