Maiki kimya baada ya kusasisha kompyuta? Anza na ruhusa

Umesasisha mfumo wa kompyuta, saundi kadi ya USB (kifaa kinachounganisha maiki na kompyuta) inawaka, spika zinatoa sauti, ila maiki kimya. Usikimbilie dukani. Ongea huku ukitazama taa ya kiwango cha sauti kwenye saundi kadi yenyewe: ikicheza, maiki na kebo yake ni nzima, kizuizi kiko ndani ya kompyuta. Isipocheza na maiki ni ya kondensa (aina inayohitaji umeme ili ifanye kazi), bonyeza kitufe cha 48V kinachoipelekea umeme huo (mimi hukisahau kila mara).

Kwenye kompyuta za Mac, tangu mfumo wa macOS Mojave wa 2018, programu lazima ipewe ruhusa ya kutumia maikrofoni. Ikinyimwa, mara nyingi hairushi ujumbe wa kosa, inarekodi ukimya tu, na hapo ndipo watu hupoteza siku nzima. Nenda mipangilio ya faragha, kisha maikrofoni, washa programu yako, uifunge na kuifungua upya. Windows 10 na 11 zina swichi ya pekee ya programu za kompyuta zisizotoka kwenye duka lake, wengi huiruka.

Bado? Hakikisha kompyuta haijarudia maiki yake ya ndani. Draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kutumia saundi kadi, ije mwisho, kutoka tovuti ya mtengenezaji.