Maji ya bamvua siku ya Idd: kujipigia saa ya kujaa na kupwa Mombasa

Idd el-Fitr ni mwezi mosi Mfunguo Mosi, yaani siku ya kwanza ya mwezi unaofuata Ramadhani. Mwezi mosi mwezi ni mchanga, na mwezi mchanga ndio uletao maji ya bamvua. Kwa hiyo kila mwaka, siku ambayo familia zinamiminika Nyali, Bamburi na Shanzu na watoto wao wamevaa nguo mpya, ni mojawapo ya siku ambazo bahari hupwa mbali zaidi na kujaa juu zaidi. Mambo haya mawili hayawezi kuachana, maana yote yanaendeshwa na mwezi uleule. Anayejua hilo anaweza kupanga siku nzima ya pwani bila simu wala jedwali, mradi ajue leo ni mwezi ngapi.

Hesabu inaanzia kwenye saa moja tu. Mwezi mosi, maji ya Mombasa hujaa kiasi cha saa 10:30 alfajiri, kisha tena jioni baada ya kama saa 12 na dakika 25. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa 6 na robo hivi, kwa hiyo yatakuwa yamekupwa kabisa karibu saa 4:45 asubuhi. Kila siku inayopita, ongeza dakika 50. Leo ikiwa mwezi 4, zimepita siku 3, na 3 mara 50 ni dakika 150, yaani saa 2 na nusu: maji yatajaa saa 1:00 asubuhi na kupwa baada ya saa 7 mchana. Mwezi 9 utapata kujaa kwa saa 5:10 asubuhi na kupwa kwa jioni. Ukifika mwezi 15 au 16 hesabu imezunguka na kurudi saa 10 na kitu, na bamvua jingine limeingia, hili la mwezi mpevu.

Dakika 50 zinatoka wapi? Dunia inajizungusha mara moja kwa saa 24, lakini katika muda huo mwezi nao umesogea mbele kwenye njia yake. Mombasa ikirudi pale ilipokuwa jana, mwezi haupo tena juu yake. Inabidi dunia izunguke dakika 50 zaidi ili kuufikia. Jua nalo huvuta maji, kwa nguvu ya kama nusu ya ile ya mwezi. Mwezi mchanga na mwezi mpevu, vyote viwili huvuta kwa mstari mmoja, ndipo tunapata bamvua. Mwezi ukiwa nusu, jua linavuta upande mwingine na kuipunguza nguvu ya mwezi, na hapo ndipo kwenye maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana. Bahari huchelewa kuitikia, kwa hiyo bamvua kubwa zaidi huja siku moja au mbili baadaye. Waliokuta maji madogo Idd mosi wasidhani Idd pili na Idd tatu zitakuwa hivyohivyo. Mara nyingi ndizo kubwa zaidi.

Hesabu hii inaweza kukosea nusu saa, wakati mwingine karibu saa nzima, kwa sababu ile 50 ni wastani: siku za bamvua maji huchelewa kidogo zaidi ya nusu saa tu, siku za maji mafu huchelewa zaidi ya saa. Kosa jingine ni la tarehe. Kama nyumbani mlifunga kwa mwezi wa nchi nyingine na jirani alifunga kwa mwezi ulioonekana hapa, mnatofautiana siku moja, na hiyo ni dakika 50 za maji. Uamuzi wa kidini ni wenu, lakini kwa ajili ya bahari utazame mwezi wenyewe jioni. Ukiwa mwembamba kama ukucha na unazama mapema baada ya Magharibi, uko kwenye bamvua.

Jedwali la maji la Kilindini ni sahihi zaidi, na siku hizi liko kwenye simu. Angalia mambo mawili. Kwanza, saa zake ni za kizungu: 16:30 ni saa 10:30 jioni. Programu nyingine huonyesha saa za Greenwich, na hapo utakosea kwa saa 3 nzima, yaani utatoka kwenda mwambani maji yakiwa nusu. Pili, ile namba ya mita si kina cha pale unaposimama. Ni urefu wa maji juu ya alama ya chini kabisa ya ramani za bahari. Ukiona 0.3, mwamba umetoka nje. Ukiona 3.5 au zaidi, maji yatagonga kuta za nyumba na hoteli zilizojengwa karibu na ufuo.

Saa ya tatu

Hapa ndipo watu wanapopotea. Macho yetu hupima maji kwa yale yaliyopita dakika chache nyuma, na tukiona hayajasogea tunaamini hayatasogea. Lakini maji hayajai kwa mwendo mmoja. Gawa urefu wote wa kujaa kwa mafungu 12. Saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1.

Tia namba. Bamvua la Mombasa hupanda zaidi ya mita 3, na mwezi wa Machi na Septemba hukaribia mita 4. Chukua mita 3.6, hesabu yake ni nyepesi: fungu moja ni sentimita 30. Maji yamekupwa saa 4:45. Hadi saa 5:45 yamepanda sentimita 30, magoti ya mtoto. Watu wanapiga picha, wanasema maji bado. Hadi saa 6:45 yameongeza 60. Kisha kati ya saa 6:45 na saa 7:45 yanaongeza 90, na saa inayofuata 90 nyingine. Sentimita 90 ni kifua cha mtoto wa miaka 6. Na wakati huo ndio watu wanatoka kuswali Adhuhuri na kula, wanarudi ufuoni, wanaona fungu la mchanga bado liko wazi kule mbele na wanaamua kulifuata. Siku ya maji mafu, kwa kulinganisha, tofauti nzima ni kama mita 1, na saa ile ya tatu hupanda kama sentimita 25.

Kwa hiyo saa ya kurudi isiamuliwe kwa macho. Toka ufuoni saa moja na nusu kabla ya kupwa, ufuate maji yanapoondoka. Saa uliyoipiga ya kupwa kabisa ikifika, geuka, hata kama maji bado yanaonekana kwenda. Ukihesabu vibaya kwa nusu saa bado utafika kabla ya ile saa ya tatu ya kujaa. Kundi lenye watoto wadogo au mzee ligeuke nusu saa mapema zaidi.

Kuna jambo la umbo la pwani ambalo mgeni kutoka bara halijui, na hata wenyeji wengi wa kisiwani hulisahau. Maji hayaji kutoka mbele peke yake. Kati ya ufuo na mwamba kuna bonde, na maji huingia humo kupitia milango ya mwamba, yakakuzunguka kwa nyuma. Umesimama pakavu kwenye fungu la mchanga, unatazama mawimbi mbali kule yanapovunjika, na nyuma yako, kule ulikotoka, pameshakuwa na mto. Ndiyo maana mlinzi wa kundi anapaswa kutazama nyuma, upande wa nchi kavu.

Mpe kazi hiyo mtu mmoja kwa jina, kwa sababu katika kundi la watu 10 kila mtu hudhani mwingine anatazama. Achomeke kijiti pale maji yalipogusa mchanga kwenye sehemu ya chini kabisa ya njia ya kurudia, akikate alama kwa kisu au kucha kila urefu wa kidole gumba, kama sentimita 6. Maji yakimeza alama moja kwa dakika 10, bado ni saa ya kwanza; ikiwa ni mbili, ile saa ya pili imeanza na mmechelewa. Ishara nyingine ni mashua zilizotiwa nanga. Omo, yaani sehemu ya mbele ya mashua, huelekea kule mkondo unakotoka, na maji yakigeuka zitazunguka zenyewe, isipokuwa upepo ukiwa mkali.

Ikitokea mmezungukwa, msingoje kuona kama yatapungua, kwa sababu hayatapungua kwa saa kadhaa. Wabebeni watoto mabegani, shikaneni mikono, mvuke mshazari kwa kufuata mkondo, bila kushindana nao. Jerikeni tupu ya lita 10 iliyofungwa kifuniko sawasawa humfanya mtu mzima aelee juu ya maji, na ni nyepesi kubeba. Kila kundi liende nayo.

Jioni, maji yakijaa

Saa 10 na saa 11 jioni ya Idd, ufuo wa Jomo Kenyatta pale Bamburi unakuwa na watu wengi kuliko saa nyingine yoyote, na mchanga mchache kuliko saa nyingine yoyote. Umati unabanwa kati ya bahari na kuta za nyuma, na wasiojua kuogelea wanasukumwa majini bila mtu kukusudia. Mahali palipokuwa na maji ya magotini mchana sasa panazidi kimo cha mtu. Mwambie mtoto mpaka wake kwa mwili wake, "maji yasipite kitovu", usimwambie "usipite ile mashua", maana mashua inabaki palepale na kina kinaongezeka.

Ile mipira ya matairi inayokodishwa ifungwe kamba, na kamba ishikwe na mtu mzima aliyesimama. Hatari yake kubwa ni asubuhi: maji yanakupwa, upepo wa umande unatoka bara, na vyote viwili vinasukuma upande mmoja, kwenye mlango wa mwamba. Hapo usiogelee kabisa wakati wa kupwa. Maji yote ya ndani yanatafuta njia moja ya kutokea.

Kwa kutembea mwambani vaa raba zenye soli nene. Ndala huvuka mguuni. Mafuma, yale meusi yenye miiba mirefu, yanaonekana, ila samaki jiwe hafanani na kitu chochote isipokuwa jiwe. Aliyechomwa naye atiwe mguu kwenye maji moto kiasi cha nyuzi 45 kwa nusu saa au zaidi, huku mtu mwingine akiyajaribu kwa mkono wake mwenyewe kwanza, kwa sababu mwenye maumivu hatambui anapoungua, kisha apelekwe hospitali. Konokono wenye gamba la umbo la pia wasiokotwe hata kama ni wazuri. Baadhi yao wana sumu iliyowahi kuua watu. Na ndani ya hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotengwa mwaka 1986, hairuhusiwi kuokota chochote.

Hata asiyegusa maji ana haja na saa hizi. Siku za bamvua, kati ya saa 4 na saa 6, feri ya Likoni hutua chini kabisa kwenye mteremko wake. Mwenye mkokoteni atapanda mwendo mrefu zaidi, tena kwenye sehemu iliyokuwa majini na inayoteleza. Akiweza kusubiri hadi saa 8, atapata nusu ya mlima.

Idd ya kuchinja ni mwezi 10 Mfunguo Tatu, na bahari iko katika maji mafu: hujaa kuelekea mchana, hupwa jioni, polepole, bila kuondoka kabisa ndani ya mwamba. Ni siku nzuri ya kumfundisha mtoto kuogelea, kwa sababu kina cha saa 4 asubuhi hakitofautiani sana na cha saa 7. Lakini mwamba hautoki. Anayetaka kuutembelea angoje mwezi 15, atoke saa 2 na nusu asubuhi.