Somo: Kukadiria thamani ya bunduki ya marisau iliyotumika

Kila nyani wanapoanza kushuka kwenye mahindi huko Magarini na Baricho, naulizwa swali lile lile: "Ami, marehemu ametuachia bunduki ya mitutu miwili, inafika kiasi gani?" Nimeona familia zikidhulumiwa kwa kutojua, na nyingine zikigombana kwa sababu zilitarajia mamilioni yasiyokuwepo. Kwa hiyo naeleza hapa jinsi ninavyofanya mimi, niliyejifunza kazi kwa fundi wa silaha Mombasa kabla sijarudi nyumbani Malindi.

Hatua ya 1: karatasi. Bunduki isiyo na karatasi haina bei. Kenya, anayeishika lazima awe na cheti chake mwenyewe, na cheti cha marehemu hakirithiwi pamoja na kabati lake. Piga ripoti kituo cha polisi kwanza, wao ndio watakaokwambia ifikishwe vipi. Usiifunge kwenye kanga ukapanda nayo matatu. Baada ya hapo ni Bodi ya Leseni za Silaha, kisha muuzaji aliyesajiliwa. Hatua zote zinazofuata zifanyike kwake, chemba zote mbili, yaani mahali risasi zinapokaa, zikiwa zimekaguliwa na kuonekana tupu.

Hatua ya 2: mihuri. Mitutu ikishatolewa, igeuzwe. Chini, karibu na chemba, pana sehemu bapa yenye alama ndogo ndogo. Bunduki ya Uingereza itakuwa na mihuri ya London au Birmingham, ambako kila mtutu hufyatuliwa kwa baruti kali kupita kawaida kabla ya kuuzwa. Herufi BNP chini ya taji ni Birmingham, kuanzia miaka ya 1950, na maana yake mtutu umejaribiwa kwa baruti ya kisasa. Herufi ELG ndani ya duara la yai ni Liège, Ubelgiji. Soma pia urefu wa chemba. Bunduki nyingi za zamani za Uingereza ni milimita 65, na risasi nyingi za leo ni 70 au zaidi. Risasi ndefu huingia vizuri kwenye chemba fupi, na hapo ndipo hatari ilipo: ganda likifunguka linakosa nafasi na mgandamizo unapanda. Chemba fupi hupunguza wanunuzi, hivyo hupunguza bei.

Hatua ya 3: mitutu. Hapa kaa sana. Zaidi ya nusu ya thamani iko hapa, wala si kwenye michoro ya ndege na maua inayowavutia watu.

Elekeza mtutu dirishani, utazame ndani. Mwanga hujipanga kwa pete, moja ndani ya nyingine. Pete ikipinda, pana mbonyeo. Ukiona vidoadoa vyeusi, hivyo ni vishimo vya kutu, na pwani yetu inavitengeneza haraka. Upepo wa kusi unaleta chumvi hadi ndani ya sanduku lililofungwa. Wazee wengine walipaka mafuta ya nazi. Nia ilikuwa njema, lakini yanaganda kukiwa na baridi na yakikaa huchacha, na chini yake chuma kinaliwa kimya kimya.

Kisha mitutu iliyotolewa itundikwe kwa ndoano yake ya chini, ile inayoingia kwenye kiungo (pale bunduki inapokunjika), igongwe kwa ukucha. Ikilia kama kengele na sauti ikadumu, ukanda unaounganisha mitutu umeshika. Ikitoa sauti ya bati bovu, lehemu ya kuunganishia imeachia mahali.

Sasa unene. Nilipokuwa mwanafunzi ililetwa bunduki iliyong'aa ndani kama kioo. Nilimwambia mwenyewe, mama mmoja mjane, kwamba ni nzuri sana. Fundi wangu akachukua kipimo. Mtu fulani zamani alikuwa amesugua kutu yote ndani, na ukuta ukabaki mwembamba kuliko nusu milimita, kiwango ambacho mafundi wa Uingereza hukiona kuwa ndio mpaka. Kungekuwa na vishimo vichache na ukuta mnene, angepata pesa za maana. Uso wa yule mama sijausahau, na tangu siku ile sitaji bei kabla ya kupima. Pima pia kipenyo cha ndani: bunduki ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) ni kama milimita 18.5, na kikizidi robo milimita kuliko kilichopigwa muhuri, majaribio yake ya zamani hayahesabiki.

Hatua ya 4: kiungo. Toa mbao ya mbele, funga bunduki, shika shingo ya kitako, tikisa taratibu. Ikicheza, kiungo kimelika. Kinatengenezeka, ila kwa gharama.

Hatua ya 5: mbao. Nyufa nyuma ya chuma, mchwa, kitako kilichokatwa. Basi.

Hatua ya 6: hesabu. Tafuta bei ambayo bunduki ya mtengenezaji yule yule, daraja lile lile, imeuzwa kweli, si bei iliyotangazwa. Tuseme, kwa kufundishia tu, nzima yake imeuzwa shilingi 100,000. Toa matengenezo ya kiungo 15,000, ya kitako 8,000, gharama na faida ya muuzaji 20,000. Unabaki na 57,000. Mtutu mwembamba hauingii kwenye hesabu hii ya kutoa, maana hiyo si bunduki tena, ni vipuri. Jina kubwa la mtengenezaji, kama Purdey au Holland & Holland wa London, hubadilisha kila kitu, lakini mpaka namba yake ithibitishwe na mtengenezaji. Na kumbuka soko letu ni dogo: tangu uwindaji wa wanyama upigwe marufuku mwaka 1977, wanaohitaji bunduki hizi ni wachache.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkulima wa Gongoni: Shikamoo ami. Ya babu ina mistari kama mawimbi kwenye mtutu. Dalali anasema ni nakshi, inaongeza bei.

Jibu: Marahaba mwanangu. Si nakshi. Hiyo ni damaski, vipande vya chuma na feleji vilivyosokotwa na kufuliwa pamoja. Mingi ilijaribiwa kwa baruti nyeusi ya zamani peke yake. Bila muhuri wa baruti ya kisasa isifyatuliwe kabisa, na bei yake ni ya pambo.

Kijana wa Mambrui: Na gobori la kushindilia, lenye pete za shaba? Nimeanza kuling'arisha.

Jibu: Acha leo hii. Weusi ule wa shaba na mbao ndio ushahidi wa umri, ukiuondoa umeondoa pesa. Usidhani pia kwamba sheria hailigusi kwa kuwa ni kuukuu. Litolewe taarifa polisi, kisha uliza watu wa makumbusho. Thamani ya gobori ni historia yake: nani alilibeba, lilifika vipi.

Mama wa Shela: Asalaam aleikum. Mume wangu ametangulia mwezi uliopita. Kuna bwana amekuja na pesa taslimu, anasema nimpe usiku tumalize, mambo ya polisi yatanichosha. Watoto wanadaiwa karo.

Jibu: Waaleikum salaam dada yangu, Mungu amrehemu. Usimpe. Kumuuzia asiye na cheti ni kosa lako wewe, na ikitumika vibaya namba yake itarudi kwa jina la marehemu na mlangoni kwako. Kesho asubuhi nenda kituoni na cheti cha kifo na cheti chake cha silaha, usiende peke yako, chukua shemeji au mzee wa mtaa. Omba wakuandikie kwamba wameipokea, namba ya bunduki ikiwemo. Karatasi hiyo ikishakuwa mkononi, nijulishe. Nitakuja kuipima kwa muuzaji, na sitachukua kitu.