Rede kwanza, karanga baadaye

Unayekwenda kujitolea shule za msingi za Dodoma, usianze kwa kugawa kitafunwa. Mtoto akishapata karanga zake anakwenda kukaa chini ya mti, na mchezo umekufa hapo hapo. Cheza kwanza.

Rede, mchezo wa kukwepa mpira, ndiyo inavunja ukimya haraka. Mpira ushone kwa soksi na matambara, ukubwa wa chungwa, usiwe na kitu kigumu ndani. Warushaji wawili wasimame hatua kumi hivi kutoka kila mmoja, wa katikati akwepe huku akijaza mchanga kwenye chupa. Tumia chupa ndogo ya soda. Ya lita moja na nusu inamweka mmoja uwanjani muda wote, wengine wanachoka kusubiri. Na wewe ingia katikati, upigwe. Mwalimu anayesimama pembeni na filimbi hazoeleki.

Karanga za kukaanga kilo moja, kwa gramu 25 kila mtoto, zinatosha watoto 40. Uliza mapema nani karanga zinamdhuru, umbebee ndizi. Pakiti ndogo zifungwe nyumbani; ukigawa kwa kiganja, upepo wa Julai unamwaga vumbi humo humo, na wakubwa wanarudi foleni mara mbili. Wakalishe duara, wadogo waanze. Kabla ya hapo mikono ipite kwenye kibuyu chirizi: galoni ya lita tano yenye tundu la kutiririsha maji ya kunawa, na kipande cha sabuni. Usimpe mshindi zaidi ya wenzake, maana kesho aliyeshindwa hatacheza.