Mapafu Yanapojaa Maji Mlimani
Kwa wanafunzi wa huduma za dharura mlioko Moshi: mpandaji akishushwa kutoka kibanda cha Kibo kwenye Mlima Kilimanjaro, takriban mita 4,700, huku akihema hata akiwa ameketi, msidhani mara moja kuwa ni moyo; huenda mapafu yamejaa maji kwa sababu ya kimo. Upungufu wa oksijeni huibana mishipa ya damu ya mapafu, shinikizo hupanda, na majimaji huvujia kwenye vifuko vya hewa. Wekeni stethoskopu chini ya kwapa la kulia, ambako mchakacho, kama wa nywele zinazosuguliwa kwa vidole karibu na sikio, mara nyingi husikika kabla makohozi yenye povu la waridi hayajatokea. Mpeni oksijeni, mfunikeni, na nawasihi asitembezwe anaposhushwa, kwa kuwa juhudi huongeza shinikizo hilo. Dawa za kukojosha hapa hazisaidii.